Mwaka Nilioitwa Mama Mkubwa

Tulimzika mdogo wangu Sesilia siku ya Alhamisi, na nusu ya waliokuja walikuja kumzika mama wa Kabula. Walitoka Dar, walitoka Dodoma, mmoja alitoka Arusha na ndege ya asubuhi. Ni wanawake wa umri wa Kabula, waliosoma naye sekondari. Walivaa vitenge vya sare walivyoshona harakaharaka, wakapanga mstari chini ya turubai pale nyumbani kwa Sesilia, Kiseke, wakampa Kabula mkono mmoja baada ya mwingine. "Pole kwa kufiwa na mama, mwaya." "Mama alitupenda wote, jamani." Mimi nilikaa kwenye mkeka hatua tatu kutoka hapo, mgongo ukutani, nasikia kila neno. Walipomaliza kwake wakaniinamia na mimi. "Shikamoo mama mkubwa. Pole kwa kumpoteza mdogo wako." Nikaitikia marahaba, nikasema nimeshapoa. Sikulia. Wapo wanaosema nina roho ya jiwe. Mimi nimepasua mawe miaka kumi na mitano na najua jiwe lilivyo. Jiwe ukiliwashia moto wa kutosha linapasuka. Mimi nilikaa tu nikiangalia viatu vya watu. Nimezaa mtoto mmoja maishani mwangu, siku ya mvua kubwa, na kwa Kisukuma mtoto wa kike wa mvua anaitwa Kabula. Nimemzaa mimi, si Sesilia. Lakini wale wanawake hawakuwa wajinga. Niliwafundisha mimi mwenyewe kuamini wanachoamini, mwaka ule Kabula alipomaliza darasa la saba.

Habari za ukoo wetu sitaziweka hapa, hazimsaidii mtu. Baba yake Kabula alikwenda Geita kutafuta dhahabu na mpaka leo anaitafuta. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili. Jina langu naweza kuliandika, Wande, herufi tano. Kila nilicho nacho kimetoka kwenye jiwe: nilianza kupasua kokoto mlimani Mkuyuni kwa nyundo ya kuazima, na leo nina uwanja wa kufyatulia tofali Buhongwa, mashine mbili zinanguruma kutwa, na nyumba ambayo kila tofali lake nalijua. Haya ninayasema kwa mdomo. Anayeyaandika ni Minza, mtoto wa jirani yangu wa zamani, ambaye ndiye msimamizi wangu pale uwanjani. Nimemwambia asinipambe.

Mwaka ule tulikuwa tunakaa Mkuyuni, chumba kimoja cha kupanga, mimi na Kabula. Kitanda kilikuwa upande mmoja, na pazia la kitenge katikati. Upande wa pili kulikuwa na jiko la mkaa, sufuria mbili na ndoo iliyofunikwa ubao. Ubao ule ndio uliokuwa meza yake ya kusomea. Nilikuwa narudi mlimani na vumbi mpaka kwenye kope, namkuta ameinama kwenye ule ubao, anasoma kwa sauti maneno ambayo mimi sikuyaelewa, na nilikuwa nasimama mlangoni kidogo kabla ya kuingia. Chakula chetu kilikuwa ugali, na mboga ya ugali kwa watu kama sisi ilikuwa dagaa. Sasa Kabula hali dagaa. Tangu alipoachishwa ziwa hali. Anasema wanamwangalia. Ukimlazimisha anatapika palepale. Majirani walicheka sana. "Mtoto wa mpasua kokoto anachagua mboga," walisema, "kesho atataka keki." Mimi nilimchemshia mchicha wake pembeni, na siku nikipata yai nilimkaangia yai, dagaa nikala mimi. Sikuona ni jambo la kusimulia. Nalisimulia sasa kwa sababu baadaye utaliona.

Mwaka huohuo kata yetu ilikuwa inajenga sekondari yake ya kwanza. Mtendaji wa kata alipita nyumba kwa nyumba na daftari: kila kaya ndoo saba za kokoto, au mawe, au mchanga, au siku ya kuchimba. Mimi nilitoa ndoo kumi na nne, saba zangu na saba za Mama Minza, ambaye tulipasua naye mawe na wakati huo alikuwa na mimba inayomzuia kuinama. Kwa hiyo ile shule naijua kuanzia chini. Najua msingi wa madarasa mawili ya kwanza una mawe gani, najua wapi walipunguza saruji. Niliona sakafu ya vumbi, niliona madirisha hayana kitu, na niliona wazazi wanaambiwa kila mtoto aje na jembe na ndoo. Kule mlimani mazungumzo yalikuwa hayo tu kutwa, na nyundo zinaendelea.

"Mimi Minza wangu atasoma hapahapa," alisema Mama Minza. "Anatoka asubuhi, mchana anarudi kula ugali wa moto. Unataka nini tena?"

"Atasoma nini?" mwenzetu mmoja akamjibu. "Mwalimu mmoja na chaki moja. Hiyo ni shule ya yeboyebo."

"Yeboyebo si hizo umevaa?"

"Nimevaa mguuni. Kichwani sivai."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka na nikaendelea kupasua, lakini lile neno lilinikaa. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuwa ameshaniita, akaniambia Kabula ni wa kwanza darasani miaka mitatu mfululizo, na kwamba kuna sekondari ya masista, ya wasichana, ya bweni, inayochukua watoto wenye akili na kuwasaidia wasio na uwezo. Alisema, "Mama Kabula, mjaribishe." Niliamua palepale ofisini kwake. Kilichonitisha ni maneno ya mama mmoja aliyekuwa anatuletea chai mlimani. Alisema kule wanamfanyia usaili mzazi kwanza, tena kwa Kiingereza, na mzazi akibabaika mtoto anarudishwa nyumbani.

Nikamwuliza, "Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu si watu, Mama Kabula? Wewe nenda na mikono yako hiyo utaona."

Niliiangalia mikono yangu. Kidole gumba cha kushoto hakina kucha, nyundo iliichukua. Jumapili yake nikaenda Kiseke kwa Sesilia.

Sesilia alikuwa karani ofisini, amesoma mpaka kidato cha nne, na chumba chake cha mbele nilikuwa naingia nikiwa nimevua viatu hata kama hajaniambia. Viti vya sponji vilikuwa na vitambaa alivyofuma mwenyewe, kila kimoja na ua lake. Alinipa chai ya maziwa na mkate wa siagi. Nilikunywa chai mpaka mwisho ndipo nikamwambia ninachotaka: siku ya usaili aingie yeye na Kabula, aseme ni mama.

"Dada, mama yake ni wewe."

"Aliyemzaa namjua. Nakuomba uingie tu."

"Na nikiulizwa kazi?"

"Useme karani. Siyo kazi yako hiyo?"

Alikunja kitambaa cha kiti, akakikunjua. Inabidi nieleze kitu hapa. Sesilia hakujaliwa mtoto. Kwetu mwanamke akizaa jina lake linawekwa kando, anakuwa mama wa fulani, na rafiki zake wote walishakuwa kina mama fulani. Yeye alibaki Sesilia. Kanisani Sesilia, ofisini Sesilia. Sikulifikiria hilo siku ile. Nilifikiria kwamba mdogo wangu ni mama mdogo wa mwanangu, na mama mdogo ni mama, wazee wetu walisema hivyo kabla ya shule kuwepo. Sikuona kama nasema uongo. Niliona nachagua ni mama yupi apite mlangoni. "Haya," akasema mwishoni. Akaenda kuniongezea chai ambayo sikuomba.

Siku ya usaili tuliondoka watatu. Sesilia alivaa suti yake ya kijivu, mimi nilivaa kitenge safi na nikabeba mfuko wa chakula. Tukiwa tunapanda kilima cha shule nikamwambia Kabula, "Leo mama ni mama mdogo."

"Na wewe?"

"Mimi mama mkubwa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mtoke humo ndani."

Hakuuliza tena. Alikuwa mtoto wa kutii, na mara nyingine natamani asingekuwa. Wao wakaingia, mimi nikakaa nje ya geti juu ya rundo la mawe ya kujengea. Nilikuwa nayachambua kwa macho, kama kawaida yangu, haya yanafaa, haya yameoza. Walikaa ndani muda mrefu kidogo. Walipotoka Sesilia alikuwa anacheka.

"Wamekuuliza nini?" nikamwuliza.

"Hata hukuwa na haja ya kunivalisha suti, dada. Wameuliza mtoto anaumwa nini, na chakula gani hali."

"Kwa Kiingereza?"

"Hata neno moja. Sista mwenyewe Mhaya wa hapo ng'ambo ya ziwa, anaongea Kiswahili kama mimi na wewe."

"Ukasema chakula gani?"

"Nikasema anakula kila kitu."

Nikamwangalia Kabula. Kabula alikuwa anaangalia geti. Nikasema, "Hali dagaa."

"Ningejuaje? Mimi akija kwangu nampikia nyama."

"Rudi ukaseme."

"Nirudi nikaseme nini?" Sasa hakuwa anacheka. "Kwamba mama mtu hajui chakula cha mwanae?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema kweli. Nimeyapitia maisha yangu mara nyingi na kila mara narudi kwenye lile geti. Ningeweza kuingia, na vumbi langu na kidole changu, nikasema mama ni mimi, huyu ni mdogo wangu, nilidanganywa na mwuza chai. Sista angecheka, labda. Lakini Kabula alikuwa ameshasema ndani kwa mdomo wake mwenyewe kwamba huyu ndiye mama yake, na mimi nilikuwa na kiburi. Sikutaka kuonekana mwanamke aliyeogopa maswali ambayo hayakuulizwa. Nikafungua mfuko, tukala chapati barabarani, tukarudi mjini.

Majibu yalipotoka Kabula alikuwa na nafasi mbili, ya kata na ya masista. Mama Minza alikuja na habari za ubao wa kata. "Jina la mwanao liko juu kabisa," alisema, "la wangu liko chini huko karibu na misumari. Sasa hilo la juu tulifute kwa mate?" Nikamwambia wampe mtoto mwingine. Hakuninunia, lakini alikaa siku kadhaa akinisalimia kwa ufupi. Ndoo zake saba nilizitoa mimi, na mwanae ndiye aliyekwenda kuzikanyaga. Asubuhi tuliyompeleka Kabula bweni, Minza alipita mbele ya mlango wetu na jembe begani na ndoo mkononi, shati jeupe kubwa la kukulia. Wakaagana kwa kugusana viwiko tu, kama watu wanaoonana jioni. Mimi nilibeba tranka la bati kichwani. Getini mlinzi akamfungulia Sesilia na Kabula, kisha akaniambia, "Mbebaji, weka hapo, watakuja kulichukua." Sesilia akasema upesi, "Huyu ni dada yangu." Mlinzi akaomba radhi, akanikaribisha vizuri sana. "Karibu mama mkubwa." Mtu wa kwanza kuniita hivyo alikuwa yeye.

Mwezi wa tatu ilikuwa siku ya wazazi kutembelea. Nilipika wali na kuku tangu alfajiri, nikafunga sufuria kwa kanga. Tulikaa kwenye nyasi, na wasichana wakaanza kumiminika. "Mama Kabula, shikamoo!" Nilishageuza shingo nusu nilipoona wanamwinamia Sesilia. "Marahaba wanangu," alisema, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo. Alikuwa na pakiti za biskuti kwenye mkoba, anazigawa, anawauliza majina, na majina anayashika. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho, nikikiangalia sasa, naona kwamba hata ningekuwa na ujasiri wa kusema kweli, nisingejua nikipeleke wapi kile kitu nikishamvua. Kabula alikula kuku wake. Karibu yetu alikaa mama mmoja, mwuza samaki, ana kanga mbili na harufu ya moshi wa kukaushia, anamlisha mwanae kwa vidole vyake mbele ya watu wote. Akaniuliza, "Huyo wa suti ndiye mama wa mtoto?"

"Ndiye."

"Na wewe?"

"Dada wa mama." Kisha nikamwuliza na mimi, "Hapa ulifanyiwa usaili?"

"Mimi? Niliulizwa kama mtoto anakojoa kitandani. Nikasema mtoto hapana, labda baba yake." Akacheka mpaka akapaliwa, mwanae akampiga mgongo. Nikaendelea kula. Wali ulikuwa na chumvi ya kutosha, hilo nalikumbuka vizuri kuliko mengine yote ya siku ile.

Likizo ya mwezi wa sita Kabula alirudi nyumbani amerefuka, anatembea taratibu, anafuta ndoo kabla ya kuikalia. Nilikuwa nimetafuta mayai mawili. Nilipika ugali, nikajikaushia dagaa zangu na nyanya, nikaenda nje kupuliza jiko ili nikaange yai. Niliporudi nilimkuta anakula dagaa. Anakula tu, tonge baada ya tonge, macho kwenye sahani.

"Hizo si zako," nikasema.

"Nimezoea. Shuleni tunakula mara tatu kwa wiki."

"Hukuwaambia?"

"Waliandika kwenye fomu kwamba nakula kila kitu." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma ubaoni. Yai nikakaanga, nikala mimi.

Baada ya hapo nilipunguza kwenda. Nilipata kiwanja Buhongwa, kazi ikawa nyingi, na Sesilia hakukosa siku hata moja ya kutembelea. Kwenye picha za kumaliza kidato cha nne ni yeye na suti, za chuo ni yeye na kitambaa cha kichwani. Mimi nimo kwenye picha moja, pembeni, nimeshika mkoba wa mtu. Kabula sasa ana kazi nzuri Dar, ananijengea heshima, simu hazikatiki. Minza na wenzake kule kata walimaliza kidato cha pili bila mwalimu wa hesabu, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji, anajua mwenyewe na anacheka ninapomwambia aliandike hili. Lakini kila asubuhi ya miaka hiyo nilimwona akipita. Nilijua anaumwa lini, nilijua viatu vyake vimeisha lini. Watu huwa wananiuliza, wazazi vijana wanaokuja kununua tofali, wampeleke mtoto shule ya jirani au ile ya mbali yenye jina. Nawauliza wanataka tofali za inchi tano au sita.

Asubuhi ya mazishi Kabula aliniita chumba cha mbele kwa Sesilia. Vitambaa bado viko kwenye viti, vimefifia. Alikuwa na karatasi ya wasifu wa marehemu, itakayosomwa mbele ya watu kabla ya jeneza kutoka. Alikuwa ameandika yote isipokuwa mstari mmoja.

"Mama, hapa kwenye watoto niandike nini?"

Nilijua alichokuwa ananiuliza. Wangekuwepo wenzake wote wa shule, na watu wa Mkuyuni nao wangekuwepo, wanaonijua tangu nina nyundo ya kuazima. Ilikuwa siku ya pili maishani ambapo geti liko wazi.

"Wenzako walikuwa wanamwitaje?"

"Mama Kabula."

"Kuna mtu mwingine amewahi kumwita mama?"

"Hapana."

"Basi andika ameacha mtoto mmoja."

"Na wewe?"

"Niandike dada yake. Siyo kweli?"

Akaandika. Kalamu ilikwama, akaitikisa, akamalizia. Msomaji aliposoma kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja, Kabula, na dada mmoja, Wande, watu wa Mkuyuni waligeuka wote kuniangalia kwa pamoja. Mama Minza, ambaye sasa anatembelea fimbo, akanifinya pajani. "Mbona wamekunyang'anya hivihivi?"

"Hawakuninyang'anya. Nilitoa."

"Ulitoa kama zile ndoo zangu saba?"

"Nyamaza, watu wanasali."

Jumapili, baada ya kuanua matanga, Kabula alikuja kulala kwangu Buhongwa. Wageni walikuwa wameshaondoka. Tulikaa jikoni wawili, mashine zimezimwa, na msichana wa jirani alituletea ugali na dagaa za karanga, amezifunika vizuri. Nikanawa. Kabula akanawa. Akaangalia sahani muda mrefu, kisha akaisogeza kwangu kwa kidole kimoja.

"Hizi sijawahi kuzipenda," alisema.

"Ulikuwa unakula."

"Nilikula kwa sababu mama mdogo aliwaambia nakula kila kitu. Ningemwaibisha." Akafuta kidole kwenye kanga. "Sasa amekwenda. Naona naweza kuacha."

Ni zaidi ya miaka kumi na tano tangu nilipomsikia mara ya mwisho akimwita Sesilia mama mdogo. Nilinyanyuka, magoti yakalia, nikafungua kabati. Lilikuwepo yai moja. Nikawasha jiko, nikalikaanga pande zote mbili, nikamwekea mbele yake, na zile dagaa nikala mimi.